Viti vya Madhabahuni, na Toba Uliyoninyang'anya

Plot ya Wangeci, Nyumba Na. 9,
Kawangware,
Nairobi.

12 Mei 2025

Mpendwa dada Wakarima,

Natumaini karatasi hii itakukuta huko Leeds ukiwa mzima, na kwamba mgongo wa shemeji Tonny umeanza kumsikia daktari. Na Ndanu je? Mama anauliza kama siku hizi anamaliza chakula cha shule au bado anarudi nacho kwenye mkebe. Sisi huku tunaendelea kwa neema. Mvua imetunyeshea wiki tatu mfululizo, njia ya kuingia plot ni matope matupu, lakini mboga za sukuma za Mama pale kwenye magunia zimestawi hadi majirani wanakuja kusalimia bila sababu. Goti lake humsumbua asubuhi, ikifika mchana analisahau.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu nimalize shule sijakuandikia chochote kwa kalamu. Nimechagua karatasi kwa sababu moja tu: karatasi haitumwi kwa watu mia mbili kwa kidole kimoja. Ukitaka kuisambaza hii itabidi uinakili kwa mkono, na hata wewe, mchapa kazi wa nyumba yetu, nadhani utachoka.

Nitasema wazi, maana nikizungukazunguka nitaogopa niishie kukuuliza habari za baridi. Umeniumiza, dada. Nimejaribu kuliita jambo hili kutoelewana, nikajaribu kuliita haraka ya mtu mwenye nia njema. Halikai. Umenisaliti, na wewe ndiye mtu wa mwisho niliyemtarajia.

Unakumbuka Jumapili ile ya Machi niliyokupigia nikiwa peke yangu nyumbani. Nilikusimulia habari ya viti vitatu vya madhabahuni, kile kikubwa cha askofu akitutembelea na viwili vidogo vya mchungaji na mzee wa kanisa. Kanisa lilinipa kazi ile miaka minne iliyopita, nikiwa bado na kibanda changu cha makochi kule Riruta Satellite. Nilipewa mwezi mzima. Wiki tatu za kwanza nilizilala. Unanijua nilivyokuwa: naamka saa nne, nakunywa chai hadi saa tano, halafu natafuta mtu wa kupiga naye hadithi. Wiki ya mwisho ndipo nikaanza kukimbizana.

Kufunga mikanda ya raba chini ya kiti ni kazi ya kuua vidole. Unavuta, unapigilia, unavuta tena. Nikajiambia kwamba hakuna atakayetazama huko chini. Nikapigilia katoni, juu ya katoni nikaweka gunia, juu ya gunia sponji nyembamba, kisha nikafunika yote kwa kitambaa cha zambarau kizuri ajabu. Siku ya kuviweka wakfu watu walipiga makofi, na Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mimi nilisimama mbele nikiwapungia mkono.

Nilikueleza pia jinsi nilivyofika kwa Mzee Yasin Fadul, kule Sarang'ombe, Kibera, baada ya kibanda cha Satellite kufa kwa uvivu wangu mwenyewe. Yule ni Mnubi, mzaliwa wa huko huko, baba yake na babu yake wamezikwa hapo hapo. Wiki ya kwanza nilifika saa tatu na nusu kila siku. Hakunigombeza. Alinipa kochi kuukuu nilivue kitambaa, na nilipofika kwenye mbao nikakuta jina limeandikwa kwa penseli, na mwaka. Akaniambia, "Huyo ni babangu. Watu wamekalia hii kochi miaka thelathini, na mimi leo ndio naona alifanya nini ndani. Wewe tukifungua yako, tutaona nini?"

Sikumjibu. Nilijua tungeona nini.

Pale kwake kila fundi huandika jina lake ndani kabla ya kufunika. Si sheria ya kumtisha mtu, ni desturi ya karakana tu, lakini imenifundisha kuliko mahubiri mengi. Mkono unaoandika jina lako juu ya kazi mbovu unakuwa mzito. Nikaanza kufikiria mambo ambayo kanisani nimeyasikia tangu utotoni bila kuyasikia. Bwana wetu alikuwa fundi wa mbao miaka mingi kabla ya kuhubiri hata neno moja, na hakuna aliyeandika meza zake zilikuwaje. Naamini hazikuwa na katoni.

Na uvivu haukunitoka siku moja kwa kuwekewa mikono, dada, ingawa najua wewe unapenda ushuhuda wa namna hiyo. Ulinitoka kidogo kidogo, na mwingine bado umo. Zamani nilikuwa nikimwomba Mungu aniondolee uvivu, kisha narudi kulala nikisubiri uondolewe. Siku hizi naomba anipe dakika kumi za kwanza. Nikishashika nyundo dakika kumi mwili unakubali. Asubuhi nyingine naomba nikiwa nimeshavaa viatu, maana nikipiga magoti kitandani naweza kusinzia katikati ya Baba Yetu.

Basi nikaona siwezi kuendelea kukaa kanisani nikitazama vile viti. Kalekye, yule anayesafisha kanisa, alikubali kunifungulia kila Jumanne alasiri. Mpango ulikuwa kiti kimoja kwa wiki, kwa mikanda na sponji yangu mwenyewe, halafu Jumapili ya nne nisimame mbele ya watu niseme nilichofanya. Pengine hata hapo palikuwa na ujanja kidogo. Pengine nilitaka kukiri nikiwa nimeshajisafisha uso. Lakini nilikuwa nimeazimia, na unajua katika maisha yangu ni mambo mangapi nimeazimia nikayafikia. Machache sana. Hili lilikuwa langu.

Nilikwambia wewe peke yako. Hata Mama sikumwambia. Nilikuomba uniombee nisirudi nyuma, na ukanijibu, "Mburu, hii inabaki kati yangu na wewe na Mungu." Nililia kidogo baada ya kukata simu, kwa furaha. Siku hiyo tulikuwa watatu. Kufikia Alhamisi tulikuwa mia mbili na kumi na nne.

Ujumbe wako kwenye kikundi cha kanisa naukumbuka neno kwa neno, kwa hiyo usiniambie niliusoma vibaya. "Watu wa Mungu, tumbebe ndugu yangu Mburu kwa maombi. Amenifungulia moyo. Roho ya uvivu imemfunga tangu utotoni, hadi vile viti vya madhabahu aliweka makatoni ndani. Shetani ameaibika!" Ukamalizia kwa ile mikono ya kuomba, mitatu. Kisha kwenye maombi yako ya Alhamisi ya mtandaoni ukaeleza yote upya, na habari ya kulala hadi saa nne ukaongeza. Amina zikaanza kumiminika. Shetani sijui kama aliaibika, lakini mimi niliaibika vya kutosha kwa niaba yake.

Kwa siku tatu zilizofuata nilitumiwa mstari wa chungu na mvivu mara kumi na moja. Yule mdudu sasa namjua kama jirani. Mama mmoja aliyekuwa ameniagiza kochi alikuja hadi Kibera na kisu cha jikoni ndani ya kibeti, akataka kutoboa ajionee. Osewe wa nyumba namba sita, ambaye hata kanisani hafiki, akanikuta kwa bomba akasema, "Niaje, Katoni!" Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Mama hakucheka. Aliikosa felowshipi ya akina mama kwa mara ya kwanza tangu Baba afariki. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli, na mimi nikamwambia asubiri Jumapili. Nadhani aliamini ni uongo.

Sasa nikueleze Jumapili hiyo, kwa sababu wanaokupelekea habari wamekupa nusu.

Mzee Shiundu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, hakungoja hata sadaka. Aliwaita vijana wawili wakakipindua kiti cha askofu pale pale madhabahuni, miguu juu, mbele ya kanisa zima. Akapasua kitambaa cheusi kinachoziba chini. Mimi nilikuwa safu ya tatu kutoka nyuma, na nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua isipokuwa Kalekye: kiti hicho ndicho nilichoanza nacho, na nilikuwa nimekimaliza Jumanne ile.

Akachungulia, akaingiza mkono, akabonyeza. "Mikanda iko," akasema. "Sponji iko. Hata jina ameandika. Watu wa Mungu, hii ni kazi safi kabisa." Halafu akanitafuta kwa macho. "Mburu, utusamehe. Dada yako ametupotosha. Hayo maombi ya Alhamisi tutatafutia mtu mwingine wa kuongoza."

Kanisa likasema amina. Mama akageuka kunitazama, na dada, sijamwona Mama na uso ule tangu siku uliyopata viza. Watu wakaanza wimbo.

Nataka ujue nilikaa kimya muda gani. Nilikaa wimbo mzima, beti zote na kile kiitikio wanachokirudia rudia. Sikuwa nikiomba. Nilikuwa nikihesabu faida. Kwanza nimeokoka aibu. Pili Mama anafurahi. Tatu wewe umelipwa, na sikuhitaji kuinua hata kidole. Ungeonekana msingiziaji mbele ya watu wale wale uliowafungulia mambo yangu, ungenyang'anywa Alhamisi yako, na ukinipigia simu kulia ningekwambia tu kwamba nitakuombea. Ilikuwa tamu, Wakarima. Sikufichi. Ningeweza kuimaliza kazi yote kwa kukaa tu, kama nilivyozoea.

Na hapo ndipo nilipoutambua. Ulikuwa ni ule ule uvivu wangu, umevaa suti ya Jumapili. Nilidhani unakaa kwenye kitanda na kwenye mikono, kumbe unakaa hata kwenye ulimi. Kuacha uongo usimame kwa sababu kuuangusha kunachosha, hiyo ni katoni nyingine chini ya kitambaa kizuri.

Nikaomba zile dakika zangu kumi. Wimbo ulipokwisha nikasimama.

"Mzee, fungua na hizo mbili ndogo," nikasema.

"Za nini sasa? Si tumeona?"

"Fungua tu. Dada yangu hajasema uongo."

Walivifungua. Katoni ya kwanza ilikuwa ya biskuti, na maandishi yake yalikuwa yameelekea kwa watu kama tangazo. Mtu mmoja upande wa kwaya akaangua kicheko akakimeza. Mchungaji, ambaye amekalia biskuti hizo miaka minne, akaomba aletewe kiti cha plastiki. Mama akainamisha kichwa, na hakukiinua tena hadi baraka za mwisho.

Nilieleza yote. Nilieleza wiki tatu za kulala, gunia, makofi niliyoyapokea, na Jumanne zangu. Nilisema nilikuwa nimepanga kusimama mwenyewe. Hapo Mzee Shiundu akanitazama kwa huruma ambayo ilinichoma kuliko kama angenitukana, akasema, "Sawa kijana, lakini si ungesema mapema? Kabla tupate kujua?"

Kila mtu mle ndani alikuwa ameshasoma ujumbe wako. Mtu anayekiri baada ya kutangazwa, dada, haonekani ametubu, anaonekana ameshikwa. Hicho ndicho ulichoninyang'anya. Jina langu la ufundi nitalijenga tena, nina mikono. Aibu hupungua, hata Osewe ameanza kusahau. Lakini nilikuwa na jambo moja gumu la kumpelekea Mungu kwa miguu yangu mwenyewe, pengine la kwanza maishani kulianza bila kusukumwa, na wewe ukawahi mbele ukalifikisha kwa niaba yangu. Ulinifanyia kazi yangu, kama ulivyokuwa ukinitandikia kitanda nikiwa darasa la saba. Ndiyo maana nilikua bila kujua kutandika.

Siandiki hivyo kukubeza. Najua nani alibeba maji nyumba hii. Najua ulifua nguo zangu za shule ukiwa na mitihani yako, na huko unahudumia wazee wa watu usiku, mchana unahudumia watu wako. Sijawahi kuona mtu mwenye bidii kukushinda. Lakini nimejiuliza kama bidii nayo inaweza kumpita mtu kimo, hadi hata maombi unataka yafanywe haraka, na watu wengi, na yaonekane yamefanywa. Kuniombea kulihitaji chumba na mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako ya ndani.

Baada ya Jumapili ile uliniambia kwenye simu kwamba hukuwa na nia mbaya, ulikuwa unaniombea tu. Nakuamini kuhusu nia. Lakini wiki iliyofuata, kwa sababu nilisimama nikakutetea, wazee walikuachia Alhamisi yako, na ukaitumia kushuhudia kwamba maombi yako kwa ndugu yako yamejibiwa na viti vimefunguliwa. Kalekye ndiye aliyenionyesha rekodi yake. Nilirudia kuisikiliza nikitafuta mahali uliposema pole. Labda mtandao ulikatika hapo.

Ile mara ya kwanza ulikuwa umekosea. Ile ya pili ulinitumia, dada. Sijui neno jingine.

Vile viti viwili nimevimaliza. Wazee wengine walitaka fundi mwingine, lakini mchungaji alisema nivitengeneze pale uani, Jumamosi mbili, mahali ambapo kila apitaye ataona. Walipita wengi. Jumamosi ya pili Mzee Yasin alikuja kwa miguu kutoka Kibera na nyundo yake mwenyewe, akaketi kwenye kigogo nje ya kanisa akanishikia mikanda nikivuta. Nilimuuliza kama habari zangu zimemfikia, akasema, "Mimi nilijua siku ya kwanza. Mtu hawezi kunyamaza vile mbele ya kochi ya babangu kama yeye hana yake." Na kwa miaka miwili hakuwa amemwambia mtu. Nilipofunika kitambaa cha mwisho mikono yangu ilikuwa imechubuka, na sikumbuki lini nimefurahia uchovu kiasi hicho.

Mama amerudi kwenye felowshipi. Jumapili iliyopita alipita mbele kutoa sadaka, akakigusa kiti cha mchungaji mgongoni, kidogo tu, akarudi kuketi. 

Nimekusamehe. Nimelisema neno hilo mbele za Mungu mara kadhaa, na siku nyingine inabidi niliseme upya, maana linalegea. Sitaki utoe tangazo la kuniomba radhi kwenye kikundi, tafadhali. Ukitaka kuniomba, niombe mimi. Nambari yangu ni ile ile na bado nitashika.

Ila kuna jambo la kweli ambalo ni lazima nikwambie. Wiki hii nimepata habari njema, njema sana, ya kubadilisha maisha. Tangu nikiwa mtoto, jambo likinitokea, zuri au baya, wewe ndiye nilikuwa nakutafuta kwanza, hata kabla ya Mama. Jana nilishika simu nikafika kwenye jina lako, nikakaa nalo pale, kisha nikairudisha mfukoni. Utaisikia, dada. Utaisikia siku watu wengine watakapoisikia.

Nisalimie shemeji Tonny, umwambie asibebe vitu vizito. Mbusu Ndanu mashavu yote mawili kwa niaba ya mjomba wake. Mama anakusalimu sana na anasema uvae soksi. Kalekye na Mzee Yasin pia wanakusalimu, ingawa huyu wa pili hakujui.

Mungu akulinde katika kazi zako zote, zinazoonekana na zile ambazo ni yeye tu anayeziona.

Wako akupendaye, hata sasa,

Mburu